Majibu ya Mama Yaliyopotea Njiani

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Dawa,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi ulichokiandika kimekuachia, au bado mnalala nacho? Sisi tu wazima. Shemeji yako yuko na mabomba yake ya maji, nami na cherehani yangu, ila mgongo ndio unalalamika. Mama ni mzima wa mwili. Wa moyo nitakueleza.

Nimesoma kwamba mwisho wa mwezi unaifunga blogu yako kwa sababu eti hakuna anayesoma. Nilicheka, kisha nikakasirika. Ndugu yangu, ile hesabu ya wageni unayoikodolea macho huhesabu wanaoingia kwenye tovuti tu. Sisi hatuingii, tunaletewa! Mimi makala zako hujileta zenyewe kwenye programu ya simu inayonikusanyia makala mpya, pamoja na habari za mitindo, nikazisoma huku natia vifungo. Mama mdogo huzipata kwa barua pepe, akawasomea wateja wake saluni vichwa vimejaa povu. Ile ya bosi wako na mwavuli iliwavunja mbavu.

Sasa nije kwa Mama.

Najua hujampigia simu tangu uondoke bila ruhusa yake. Unamwogopa, na sikulaumu. Mama akinuna, hata sufuria hazigongani humu ndani. Lakini ulipoanzisha blogu aliniomba nimwandikishe naye azipate kwa barua pepe, akaniapisha nisikwambie. Kila makala ikiingia hufunga mlango, akavaa miwani, akasoma polepole. Kumbe pia alikuwa anakujibu.

Juzi alinijia macho mekundu. Alidhani unafunga blogu kwa ajili yake, maana katika jibu lake alikugombeza ulipoandika kwamba unashindia chai na mkate. Tena alikuwa anaumia siku zote hizi kwamba humjibu. Nikachukua simu yake nitazame. Maskini Mama! Amekuwa akibonyeza "jibu" kwenye zile barua za blogu, nazo hutumwa na mtambo usiopokea chochote. Taarifa za kushindikana zilipomrudia, alizifuta akidhani ni matangazo.

Chini ya kila barua imeandikwa, "Tafadhali usijibu barua pepe hii." Nikamuuliza kama hakuyaona maneno hayo.

"Niliyaona," akasema. "Hayo anawaambia wasomaji. Mimi ni mama yake."

Nilishindwa nicheke au nilie. Nilipomweleza vizuri alikaa kitandani akikunja na kukunjua kanga yake. Kisha akauliza kama hata lile jibu lake la kwanza kabisa halikukufikia. Nikamwambia halikufika. Akalia, Kasuku. Mama huyu tunayemjua, akalia mbele yangu.

"Kwa hiyo mwanangu yuko huko hajui kwamba nilishampa radhi?"

Blogu ufunge au usifunge, hilo shauri lako, ingawa ukifunga saluni nzima itakununia. Lakini Mama nimemwambia akae karibu na simu, na amekaa. Iweke barua hii chini sasa hivi, umpigie.

Shemeji yako anakusalimu sana, na Mama mdogo pia, anakuuliza bosi alinunua mwavuli mwingine? Mungu akutunze kazini na barabarani, na akupe wa kula nao.

Akupendaye kwa moyo wote,
Dada yako, fundi cherehani.