Mchuma Kivumbasi Hasalimii

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Hapa Kasoli tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umeniuliza kama ni kweli dawa ya majani huharibika mchumaji akisalimiana na watu njiani, kama alivyoamini mama mkwe wangu. Maabara yenu, unasema, haijaona kitu hicho.

Biashara ilipoachwa huria, hata majani ya porini yalipata wanunuzi. Mmoja alituagiza kivumbasi kikavu. Nilichuma mzigo mzima, na njiani nikamsalimia kila mtu. Salamu zetu unazijua: watoto, ng'ombe, mvua, ukoo. Nilifika nyumbani jua likiwa kali, nikakianika kwenye chanja kama pamba. Mnunuzi alipokuja, alisugua jani, akanusa, akanirudishia gunia.

"Mama, haya ni majani tu."

Mama mkwe alichuma kikapu kimoja alfajiri, kimya, akakianika ndani kivulini. Hicho kilichukuliwa. Nilipomuuliza sababu alisema, "Bugota haitaki salamu." Bugota ni dawa.

Sasa unaniandikia kwamba nguvu ya kivumbasi imo kwenye mafuta yake, kwamba yana thaimoli inayoua vijidudu, na kwamba yakipata joto huruka. Sawa. Yule mama hakuijua thaimoli, ila urefu wa salamu zetu aliujua.

Ukija likizo ukanikuta asubuhi na kikapu, nipite tu. Tutasalimiana nyumbani.

Bibi yako