Sarafu ya Ptolemi Shingoni mwa Nawoi

Jumamosi, 9 Machi 1996
Nimerudi Lodwar na lori kutoka Kakuma. Mfukoni sarafu ya Marial, yule Mdinka wa kambini ninayemshinda bao kila siku. (Anasema ananiachia. Wivu!) Shaba, nyeusi, nzito. Marehemu babake aliitoa Dongola akiwa askari. Marial anataka kujua ni ya nani. Nikamwambia kaka, umefika! Lodwar nzima inanijua. Ameniazima tu.

Jumanne, 12 Machi
Fadha wa misheni kaiangalia na lenzi mpaka chai ikapoa. Ni ya Ptolemi wa Tatu, Mgiriki aliyetawala Misri. Miaka elfu mbili na mia mbili! Alikuwa anatuma watu huku kusini kukamata ndovu wa vita. Upande mmoja mzee wa ndevu, ana pembe za kondoo. Nikasema mfalme huyu kama kondoo dume wetu kule Kaikor. Fadha akasema huyo ni mungu wao. Mfalme ni jina tu, upande wa pili, kando ya picha ya tai. Mfalme mzima, sura hakuna! Mimi ningeweka yangu pande zote.
Ameonya: usiisugue.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeisugua. Mchanga na jivu, kama sufuria. Inang'aa! Fundi baiskeli wa Kanamkemer ametoboa tundu juu ya pembe. Nawoi, msichana ninayemtaka, si alisema mimi ni mdomo tu, hata shanga moja sijampa? Haya. Mamake ameitunga katikati ya shanga za Nawoi za shingoni. Nitaiomba baadaye.

Jumapili, 17 Machi
Habari kutoka Kakuma: jina la Marial limebandikwa ubaoni, kwa wakimbizi wanaohamishiwa nje. Kanada! Jumatano anapita hapa na basi, achukue sarafu. Hana kitu kingine cha babake.
Nimeenda kwa Nawoi kuiomba. Nimesifu shanga, nikarudi.

Jumatano, 20 Machi
Basi linangoja kidogo tu. Nimempeleka Marial kwa kina Nawoi. "Ejok," akasalimia kwa Kiturkana, halafu akaiona. Hakunitukana. Alipapasa lile tundu na kidole.
Nikamwambia Nawoi avue. Mamake akanirukia: wewe mtoto una wazimu? Shanga za shingoni zinavuliwa kwa msiba! Hapa nani amekufa?
"Babangu," Marial akasema. Aliuawa Bor, vitani, mwaka wa tisini na moja. Walikimbia tu, hakuna aliyemlilia.
Nikasema naenda kumzuia dereva. Uongo — niko duka la ng'ambo ya barabara, naandika, nawaona. Mamake Nawoi amejifunika uso. Nawoi amepeleka mikono nyuma ya shingo. Uzi wa kwanza umeanguka. Nyuzi ziko kumi na kitu.
Honi ya basi.
Uzi wa pili.