Manyoya Kwenye Chujio

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza maada na darasa la saba. Nikasema: ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. "Hata harufu, Mwalimu?" Huyo ni binti tunayemwita Wakili, haishiwi maswali. Hata harufu, nikamjibu — ni chembe, zinakuingia puani. Darasa zima likaziba pua! Vyoo viko nyuma ya dirisha letu. Nikaziba na mimi.

Jumanne, 5 Machi
Leo kuchuja. Wakili akateka maji ya bomba la uwanjani, yale wanayokunywa wote. Nilitegemea mchanga kidogo. Kwenye karatasi yakabaki manyoya — mafupi, ya kijivu — na kipande cha ngozi, laini kama ute. Mmoja akatapika pale pale. Nikapanda na mlinzi wa shule juu ya tangi linaloleta maji bombani. Mfuniko hakuna. Panya watatu wamevimba, mmoja keshapasuka. Na chai ya ofisini nimekunywa vikombe viwili! Nimesukutua mdomo mpaka fizi zinauma. Ladha haitoki.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu mkuu anajua! Mlinzi alimwambia tangu kabla ya likizo. Eti nisikuze mambo, mkaguzi anakuja Ijumaa, tangi litaoshwa akishaondoka. "Wewe fundisha maada, tangi niachie mimi." Akafungua chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani, akanywa mbele yangu. Glu, glu. Pyuu!

Alhamisi, 7 Machi
Nimelifunga bomba kwa waya. Saa nne mwalimu mkuu akaamuru lifunguliwe. Watoto sita wa darasa la tano wanaharisha. Dada kwenye simu: nyamaza, mdogo wangu, kazi utapata wapi nyingine? Nimenyamaza. Najitia kinyaa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi alikaa dawati la nyuma, mwalimu mkuu kando yake, meno yote nje. Nikaeleza barafu inavyoyeyuka. Wakili akasimama, akamgeukia mgeni: "Samahani, mzee, na maji yetu yenye manyoya?" Nikawapeleka kwenye tangi mwenyewe. Mwalimu mkuu akaapa hajui lolote — mlinzi akacheka kwa sauti!

Nilidhani nimepumua. Mkaguzi akashuka, leso puani, akaniuliza nimejua lini.
"Jumanne."
"Na tangu Jumanne watoto wanakunywa nini?"

Nikageuka, nikaondoka. Niko stoo ya maabara. Wananiita ofisini, mara ya pili sasa. Nje wazazi wa wale sita wameanza kufika —