Chai ya Ledi Lettice

Jumanne, 2 Aprili
Miaka kumi na tisa nawatembeza wageni jumba hili — na kumbe nawadanganya! Kwamba Ledi Lettice, bibi wa jumba hili enzi za kale, aliwaua waume zake watatu kwa kuwatilia sumu kwenye chai, ndiyo maana mzimu wake hupanda ngazi na kikombe mkononi. Leo kanisani nimesoma kitabu cha maziko. Mume wa mwisho kazikwa 1611. Chai imefika Uingereza miaka arobaini na ushee baadaye! Mama wa watu kasingiziwa. Na domo lililomsingizia ni langu.

Jumatano, 3 Aprili
Nimemwambia Bwana Peregrine, mwenye jumba. Hakuelewa. "Hakukuwa na chai? Sasa walikuwa wanaishije?" Nikamwambia bia, asubuhi mpaka jioni. Akaketi kama aliyefiwa. Kisha: "Inapendeza sana, Bi Hester." Kwetu Waingereza neno hilo ni sanda, jambo limeshazikwa. Nikang'ang'ania. Akasema, kwa upole wa kuudhi, Jumamosi wageni wakija niseme kama siku zote au nitafute jumba jingine. Duka la jumba limeshajazwa vikombe vya kuwauzia, vyenye picha ya fuvu.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua. Nimemtazama sana Lettice kwenye picha yake ya ukumbini. Uso wa mtu aliyechoka kuzika. Naona aibu. Lakini miaka sitini na moja hii — nani ataniajiri?

Jumamosi, 6 Aprili
Nimesema! Katikati ya ngazi, mbele ya wageni thelathini: hakuua mtu, chai haikuwepo. Mzee mmoja wa Leeds akavua kofia. Mkewe akauliza, sasa huo mzimu unabeba nini? Nikasema labda bia. Wakacheka — halafu hao, dukani, kurudisha vikombe walivyonunua! Foleni imenyooka, kila mmoja anaomba radhi.

Saa kumi alasiri. Bwana Peregrine kaniletea chai ofisini, kwa mkono wake mwenyewe. Miaka yote hii hajanipa hata maji! "Kunywa, Bi Hester, tusiwekeane kinyongo." Kakaa mbele yangu, anatabasamu. Najifanya naandika hesabu ya wageni. Inanukia vizuri — vizuri mno. Lettice hakuua mtu, najua, nimesema mwenyewe. Lakini huyu? Kuikataa chai siwezi, mimi ni Mwingereza. Anauliza mbona sinywi