Kikao cha Kumtoa Zubeda

Jumatatu, 5 Januari. Dranya
Uji saa moja. Zubeda ameuleta, akapumzika mara mbili kati ya jiko na kitanda changu. Nina miaka themanini na minne, moyo unachoka. Mvua za mwaka huu sitaziona. Kwa hiyo niandike: Zubeda, mjane wa mwanangu Rashidi, hajatoka nje ya nyumba miaka mitatu, na ametulia humo kwa sababu ya uongo wangu. Uongo upi, mkono umekataa kuandika.

Jumatano, 7 Januari
Miguu yake imevimba. Juma, jirani, askari wa zamani, alichungulia mlangoni. "Mwalimu, huyu mama nakuwa nyeupe kama mutu ya gereza. Jua iko bure, ao nyinyi nalipia?" Zubeda akacheka. Mimi sikucheka.
Desturi ya ukoo wetu: eda ikiisha, wazee hukaa kikao, mjane hutolewa nje, naye huchagua kubaki au kurudi kwao. Kwao ni Lurujo. Mimi nimesoma, najua eda huisha yenyewe kwa siku zake. Lakini kila akiuliza humwambia wazee bado wanakataa.

Jumamosi, 10 Januari. Arua
Tumefika kwa gari la kukodi. Daktari ni msichana, umri wa wajukuu zangu. Presha ya Zubeda iko juu, moyo umepanuka. Vitamini D katika damu karibu haipo. Alieleza kwamba maradhi ya moyo huonekana zaidi kwa watu wenye upungufu huo, ila haijathibitishwa kwamba upungufu ndio unaoyaleta. Akauliza, "Mama anapata jua?" Zubeda alinitazama. Nikajibu mimi: "Anapata."
Tumepewa vidonge vya presha na vya vitamini.
Nilifundisha baiolojia miaka thelathini. Ngozi, jua, mfupa. Nilivichora ubaoni kwa chaki za rangi.

Jumatatu, 12 Januari. Dranya
Neno la daktari naliegemea kama fimbo: haijathibitishwa. Huenda ni presha tu. Mama yake pia alikuwa na presha. Huenda.
Kiangazi. Mtama wa Juma unakauka juu ya turubai, jua limejaa kila mahali. Zubeda ameketi ndani, hatua nne kutoka mlangoni. Aliuliza tena, polepole, kama mtu anayeomba maji: "Baba, wazee wamesema nini?"
"Bado, binti yangu."
Nilikuwa na nafasi. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 15 Januari
Amefariki asubuhi, akiwasha moto wa uji. Nilisikia sufuria ikianguka. Nilichukua muda mrefu kufika jikoni.

Ijumaa, 16 Januari
Amezikwa baada ya swala. Ndugu zake wa Lurujo walikuja, wakanishika mkono kwa heshima. Wanawake walimsifu kwa utii. "Mjane ya namna hii haiko tena." Nilipokea sifa hizo kwa niaba yake. Nikala chakula chao.

Jumapili, 18 Januari
Sikulala. Vidonge vyake viko dirishani. Vingi bado.

Jumatano, 21 Januari
Mke wa Juma ameleta uji. Una madonge. Nimeutoa mkeka wa Zubeda uani, nimeukalia, jua limefika magotini. Lina joto zuri.
Sijui kama jua lingemponya. Daktari naye hajui. Hilo halinipunguzii kitu.
Niliogopa atachagua Lurujo, nami nibaki bila wa kunipikia. Wazee hawakukataa. Mwenye kuwaita ni mimi, na sikuwaita hata siku moja.