Mgowe wa Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya Mafinga leo si ya mchezo. Nimeweka Linux kwenye kompyuta ya tano, zimebaki saba. Mfumo huria huu, watu wa dunia nzima wanautengeneza kwa kujitolea. Mkuu wa shule kachungulia dirishani: cha bure hicho, si cha wizi? Kasema Ijumaa zisipofanya kazi, chumba cha kompyuta kinakuwa stoo ya mahindi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu warudi kuchora kibodi kwenye daftari. Thubutu! Chumba changu hakiingii gunia.

Jumanne, 10 Juni
Nimemweleza Mkuu kwa mambo ya kwetu Uheheni: huu ni mgowe. Watu wanakuja kukulimia, mnakula pamoja, siku nyingine unakwenda kwao. Hakuna anayeuliza bei. Kaingia, kavuta kiti kutazama. Nimefurahi mno.

Jumatano, 11 Juni
Zote zinawaka, halafu zinazima zenyewe. Hasira! Nikalaumu mfumo bure. Nimefungua moja: vumbi la mbao limejaa, feni haizunguki. Viwanda vya mbao viko jirani, nilitegemea nini? Peke yangu siiwahi Ijumaa. Nimempigia mama awaambie wenzake wa jumuiya: kesho mgowe shuleni.

Alhamisi, 12 Juni
Wamekuja. Na majembe! Akina mama tisa, majembe begani, na ndoo ya togwa. Kosa langu, nilisema mgowe tu. Nimecheka hadi machozi, nao wakanicheka mimi. Nikagawa brashi za rangi. Mama Tula, jirani yetu, kasafisha feni kama anachambua mchicha. Mchana tukamaliza. Hakuna iliyozima tena. Najivunia, sifichi.

Ijumaa, 13 Juni
Mkuu kakaa humo asubuhi nzima akisubiri zizime. Wapi! Kaondoka, karudi na ufunguo wa chumba, kanikabidhi. Wanafunzi walipiga kelele kwa niaba yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Kwenye vinyungu vya Mama Tula, bustani zake za bondeni. Nimelima. Malengelenge viganja vyote.

Jumapili, 22 Juni
Wiki nzima nilikuwa nawaza. Waliotengeneza mfumo hawana shamba Mafinga, nitawaendea wapi? Basi juzi nikaandika kwa Kiswahili namna ya kuuweka kwenye kompyuta chakavu, na habari ya vumbi humo humo. Nikatuma kwenye ukurasa wao.

Leo nimetoka kanisani, nimekuta jibu. Mwalimu wa Mbeya, simjui. Anasema kafuata maelezo yangu, kompyuta za kwao zimewaka.