Mjane wa Uchina Hakuwa Bibi Harusi

Siyu, 9 Februari 1957

Kwa mjukuu wangu Jeilani bin Gharib, Mombasa.

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mato uliyonipeleka kutibiwa huko sasa yaona, na hayo ndiyo yaliyonitia hasira. Wewe hujambo? Sauti yako najua ni nzima, maana Lamu yote imeisikia.

Juzi nilikuwa Lamu. Watu wa senema wakatandika shuka ukutani, wakaonyesha ile vita ya Wachina uliyonionyesha Mombasa kabla hujaitia maneno ya Kiswahili. Siku ile sikufahamu hata neno, na kisa nilikipata chote. Mke wa jemadari aliletewa kofia ya chuma ya mumewe, tupu. Akavaa nyeupe. Akasimama juu ya boma, jeshi zima likimngoja alie, naye kimya. Nikakwambia, "Huyo yu edani." Ukaitikia, "Ndiyo, Nyanya."

Sasa Lamu, mke ni yule yule, nguo ni ile ile, bomba la kutolea sauti lapiga kelele kwa sauti ya msichana uliyemtafuta wewe: "Furahini! Leo bwana harusi wangu anarudi!" Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele, Jeilani, juu ya maiti! Nikasimama: "Nyamazeni! Mumewe amekufa!" Bi Alawiya, aliyeketi kando yangu, akanivuta buibui: "Kaa, Bi Mwanamkisi. Kichina umekisomea wapi wewe?"

Kichina sikijui. Eda naijua.

Tangu baba yako azikwe hujatia mguu nti hii. Mama yako Mahfudha yu ndani na nyeupe yake. Ungalikuja kumwona, usingalisahau rangi ya ujane. Shaabani ikiandama, eda yatoka, na siku hiyo nguo ya rangi hutoka mkononi mwa mwana wa kiume. Hana mwingine ila wewe. Ndia waijua.

Nyanya yako,
Mwanamkisi

Mombasa, 20 Februari 1957

Nyanya yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kusema kutwa. Mama hajambo?

Nyanya, usinionee. Tajiri wangu asema watu hawaji senema kulia. Pale mke yule amenyamaza, nami ukimya siruhusiwi kuuacha, watu watadhani bomba limeharibika. Ni picha tu. Lamu hakuna Mchina wa kulalamika.

Sasa tunatia maneno picha nyingine, siwezi kuondoka. Mama nimemnunulia leso nzuri, jozi moja ya rangi ya zambarau. Bwana Yunusi yuaja huko, ataileta. Mkono wake ni kama mkono wangu.

Mjukuu wako,
Jeilani

Siyu, 14 Machi 1957

Jeilani,

Marahaba. Hali zetu hizi hapa.

Yunusi alifika. Mkono wake ni mkono wa Yunusi.

Siku ya kutoka eda tulimwosha mama yako, tukamfukiza udi, wanawake wakajaa nyumba nzima. Nikamwekea leso zako mapajani. Akauliza, "Kaleta nani?" Nikamwambia. Akazisukuma. Mjomba wako Hamdun akaleta zake, nazo akazisukuma. Akaivaa nyeupe yake tena. Wale wanawake waliokuja na vigelegele walirudi navyo kinywani.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akamtumia neno: eda imekwisha, sheria haimruhusu kuizidisha, avue. Mama yako akajibu, "Mwambieni sikai eda. Nangoja nguo." Basi. Tangu siku hiyo hajanena. Wenye kupiga hodi wamsalimu, yeye aangalia mlango tu.

Mimi hasira zangu zina maneno, wazijua tangu utoto wako. Zake hazina, na hizo ndizo za kuogopwa.

Leso zako ziko msumarini na mkunjo wake wa dukani. Njoo uzitungue mwenyewe, umtazame mama yako kwa mato yako, si kwa mashine. Na ukimkuta amenyamaza, ole wako umtilie maneno.

Nyanya yako,
Mwanamkisi